Mafuta Yaliyoganda

Habari hii nilipewa na bibi yangu mzaa mama, Nashipae, mwaka 1959, mwezi wa saba, wakati baridi ya Meru inapoingia mpaka ndani ya blanketi. Nilikuwa na miaka kumi. Siku hiyo nilikuwa nimetia maji kwenye maziwa ya kupeleka kwa mwalimu, na mwalimu alikuwa amejua. Bibi hakunichapa. Aliniita tukae penye jua nyuma ya nyumba, akanisimulia alichokifanya yeye alipokuwa na miaka kumi na mmoja, Wajerumani wakitawala, mwaka ule reli ya kutoka Tanga ilipokuwa imefika Moshi. Nawaandikia kama alivyoniambia.

Nyumba yao ilikuwa juu ya mji wa Arusha, upande wa kwenda Olmotonyi, chini kidogo ya msitu. Kila asubuhi Nashipae alikamua mbuzi wawili, akateka maji mferejini, akamwashia mama yake moto, kisha akajaza loshoro kwenye kibuyu. Loshoro ni mahindi yaliyopikwa yakachanganywa na maziwa ya mgando. Mtu akila asubuhi anaweza kushika jembe mpaka jioni. Kibuyu akakifunga mgongoni kwa mkanda wa ngozi, akateremka mjini. Mama yake, Nalepo, alimsindikiza kwa macho tu kutoka mlangoni. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Koikai, na mzazi kwetu hakutembea njia za watu mpaka miezi yake iishe.

Loshoro ile ilikuwa ya baba yake, Loserian, aliyekuwa kwenye mnyororo.

Nitawaeleza alifikaje huko. Wanaume walikuwa wamekusanywa kubeba mizigo ya serikali. Loserian alibeba siku mbili, na siku ya tatu akapata habari kwamba mke wake amejifungua. Sasa kwetu Waarusha, mwanamke akijifungua huchinjwa kondoo. Mafuta ya kondoo huyo huyeyushwa, mama akayanywa na kupakwa mpaka nguvu zimrudie, na kondoo huyo lazima atolewe na mume. Loserian akautua mzigo kando ya njia, akarudi nyumbani, akachinja. Alikuwa bado anachuna ngozi walipokuja kumchukua. Akapewa mwaka mmoja.

Wafungwa walikuwa wanane kwenye mnyororo mmoja, kila mmoja na pete ya chuma shingoni. Walikuwa wakipasua mawe na kutengeneza njia ya kuvuka mto, karibu na mahali ambapo siku hizi panaitwa Daraja Mbili. Kama jina lilitoka kwenye kazi ile, bibi hakujua, nami sijui. Alichojua ni kwamba mwanamume aliyefungwa mbele ya baba yake, Lemburis, alikuwa amekufa kabla ya mvua kwisha. Pete ilimchubua shingo, nzi wakataga, kidonda kikaoza. Sasa shingo ya Loserian nayo ilikuwa imechubuka, upande wa kushoto, chini ya sikio. Nashipae alipokiona kidonda kile mara ya kwanza, kilikuwa na nzi wa kijani watano. Aliwahesabu.

Adhuhuri moja, akirudi kupitia mjini na kibuyu kitupu, alipita penye nyumbu wa serikali, wale wa kubeba mizigo, waliofungwa kwenye mti. Wawili walikuwa na majeraha ya matandiko mgongoni. Jeraha la mmoja lilikuwa jeusi kwa nzi. La mwenzake lilikuwa linang'aa kwa mafuta, na nzi walilizunguka, wakakaribia, wakaondoka. Nashipae alisimama pale mpaka mchunga nyumbu akamwuliza kama anataka kumnunua. Hakujua Kiswahili cha kutosha kumjibu. Akaonyesha kwa kidole jeraha linalong'aa. Mchunga nyumbu akaonyesha kwa kidole nyumba moja nyuma ya maduka ya Wahindi.

Ndani ya nyumba hiyo aliishi Binti Salimini, mwanamke wa Pangani aliyekuja na mume askari, mume akafa, naye akabaki. Kazi yake ilikuwa kukamua mafuta ya habasoda, zile mbegu nyeusi ndogo kama ufuta ambazo watu wa pwani huzinyunyizia mkate. Mbegu zilimfikia kutoka Tanga kwa reli mpaka Moshi, na kutoka Moshi kwa miguu ya watu kupitia Kikatiti. Fundi wa matandiko aliyachukua mafuta yake kupaka mikanda ya nyumbu, maana ngozi iliyopakwa haikupasuka wala wadudu hawakuitoboa.

Nashipae alipofika mlangoni alifanya kama mtoto wa kwetu anavyofanya mbele ya mkubwa: aliinamisha kichwa ili kiguswe kwa kiganja. Binti Salimini alikitazama kile kichwa kilichoinama, akatazama na chini.

"Umeangusha nini hapo?" akamwuliza.

Hivyo ndivyo walivyojuana. Ilichukua muda mpaka Nashipae akaeleweka, kwa maneno machache na vidole, akiishika shingo yake mwenyewe na kuiga nzi. Binti Salimini hakusema maskini wala hakulia naye. Alisema mbegu zipo, mikono yake ina maumivu ya viungo, na anayetwanga atapata mafuta.

Basi Nashipae akawa anatoka nyumbani mapema zaidi. Kwanza kwa Binti Salimini kutwanga, kisha kwa baba yake. Mbegu zilipepetwa, zikatwangwa kwenye kinu mpaka zikawa kama tope zito. Tope likatandazwa kwenye sinia penye jua lipate vuguvugu. Likanyunyiziwa maji ya moto kwa vidole, likakandwa kama unga wa mkate, likakandwa tena, mpaka likaanza kutoa jasho. Ndipo likafungwa kwenye kitambaa na kukamuliwa. Yaliyotoka yaliachwa yatulie siku nzima, maji na machicha yakashuka chini, mafuta yakabaki juu. Kibaba kizima cha mbegu kilitoa chupa ndogo isiyojaa, na kazi yote ilikula siku tatu au nne.

Siku ya pili ya kukanda, Nashipae aliuliza kwa nini tope lisiwekwe motoni likamalizika mara moja. Binti Salimini akachukua kipande cha ngozi ya mkanda, akakidondoshea tone moja, akamwambia anuse. Harufu ilimchoma mpaka machozi.

"Weka hapo juani," akasema. "Kesho utanijibu mwenyewe."

Kesho yake doa lilikuwa palepale, limenona, lakini Nashipae aliponusa hakusikia kitu.

"Ndani ya mbegu hii mna mafuta mawili," Binti Salimini akamwambia. "Mazito ndiyo mengi. Hayo hayaendi popote, ndiyo yanayolainisha ngozi. Mepesi ni machache sana, ndiyo yanayochoma pua, na hayo huruka. Jua likizidi yanaruka, motoni yanaondoka yote. Na nzi haogopi mazito, mwanangu. Nzi anaogopa mepesi."

Kwa sababu hiyo aliyaweka mafuta kwenye chupa ya rangi ya udongo, akaziba kwa kizibo, akaifunga jani la mgomba. Akamwonya pia jambo la pili. Wako watu, alisema, wanaouza habasoda kama dawa ya kila ugonjwa, na watu hao wanataka kuuza tu. Mafuta haya yatafukuza nzi, na yatalainisha ngozi ya kando ya kidonda isiendelee kupasuka. Kidonda kitapona chenyewe kikiachwa na nzi, au hakitapona. Asimwahidi baba yake zaidi ya hapo.

Nashipae hakumwahidi kitu. Alimpa loshoro, akamnawisha shingo kwa maji, akampaka matone matano kwa unyoya wa kuku. Askari mlinzi, Mmanyema mzee mwenye meno machache, aliyekuwa akichota loshoro viganja viwili kabla ya mfungwa hajala, alisogea akanusa na kupiga chafya. Akasema mfungwa huyu sasa ananukia kama harusi ya Unguja. Hata watu wa kwenye mnyororo walicheka. Kwa kuwa kidonda kilikuwa kibaya, msimamizi wa wafungwa alikubali pete ya Loserian itolewe shingoni ifungwe mguuni. Baada ya siku kumi nzi walikuwa hawatui tena.

Mpaka hapo nilimwambia bibi kwamba alifanya vizuri. Akaniambia ninyamaze, bado hajafika kwenye maziwa yangu.

Ilikuwa siku ya mvua ndogo. Nashipae alikuwa akirudi nyumbani na chupa mpya, aliyopewa asubuhi hiyo. Kwenye kijito cha pili aliteleza juu ya jiwe. Kibuyu hakikuumia. Chupa haikuvunjika. Lakini kizibo kilitoka, na alipoiokota, zaidi ya nusu ya mafuta ilikuwa imekwenda na maji, ikifanya rangi rangi juu ya kijito.

Angerudi pale pale kwa Binti Salimini, habari ingeishia hapo. Lakini alikumbuka siku nne za kutwanga na kukanda. Alikumbuka alivyokabidhiwa chupa ile kwa mikono miwili, na neno la Binti Salimini, matone, si zaidi. Aliona aibu. Na aibu ikampa wazo ambalo kwa mtoto wa Kiarusha halikuwa wazo baya hata kidogo.

Nyumbani, juu ya dari, mama yake alikuwa na kibuyu cha mafuta ya yule kondoo wa uzazi. Nashipae aliyajua mafuta ya kondoo tangu hajajua kutembea. Mtoto akizaliwa hupakwa. Mzee akibariki hupaka. Ngozi ya kuvaa hulainishwa kwayo, mgonjwa hunyweshwa. Katika yote aliyoyaona, hakuna mafuta yaliyoheshimiwa kama hayo. Akajiambia kwamba kuongeza haya kwenye yale ya mbegu si kupunguza, ni kuzidisha. Akayavuguvugisha, akamimina, akatikisa. Chupa ikajaa tena.

Kama angeishia hapo lingekuwa kosa tu. Lakini mama yake alipouliza anafanya nini na kibuyu, alisema anatoa vumbi. Na kesho yake baba yake aliponusa na kusema leo hayachomi, alisema, "Ni yaleyale, Baba." Na Binti Salimini alipouliza kama chupa imefika salama, alisema imefika. Bibi aliwahesabu watu hao watatu kwa vidole, mbele yangu, polepole.

Siku ya tatu nzi walirudi. Siku ya tano walikuwa wengi kuliko siku ya kwanza kabisa. Mafuta ya mnyama kwenye joto la mchana, juu ya shingo ya mtu anayepasua mawe, huchacha, na nzi husikia harufu hiyo kutoka mbali. Kidonda kilivimba, kikalainika, kikaanza kutoa maji. Nashipae akaona hayatoshi, akaongeza matone. Siku ya saba yule Mmanyema hakuchota loshoro. Alimvuta Nashipae pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba Lemburis naye alianza kunuka hivi. Nashipae akarudi akapinda ukingo wa kidonda kwa unyoya, akaona funza wadogo weupe wakitikisika ndani.

Baba yake hakuuliza ameona nini. Alimwambia amsalimie Yeyo, yaani mama, na asimweleze.

Kesho yake baridi ilikuwa kali, moshi wa nyumba umelala chini bila kupanda. Nashipae alipofika kwa Binti Salimini mikono yake ilikuwa imekufa ganzi. Alieleza juu ya funza. Binti Salimini akasema haiwezekani, kisha akaomba aione chupa. Nashipae akaitoa kwenye mkanda wake. Alipoitazama, yeye mwenyewe aliona kwanza. Shingo nzima ya chupa ilikuwa imeziba kwa kitu cheupe, kigumu kama nta.

"Umetia nini humu?"

"Sijatia kitu," Nashipae akasema. "Ni baridi tu."

Binti Salimini hakubishana. Alikwenda dirishani akachukua chupa yake mwenyewe, iliyobaki na kijiko kimoja, iliyolala pale kwenye ukingo tangu jana. Akaiinamisha. Mafuta yakakimbia kama maji kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Haya nayo yamelala kwenye baridi hiyohiyo," akasema.

Nashipae akazitazama chupa mbili. Ndipo akasema yote, kijito, kibuyu cha darini, na uongo aliowaambia watu watatu. Hakulia. Bibi alisema angelia kama angepigwa, lakini hakupigwa.

Binti Salimini aliketi kwenye kigoda. "Siku ile ulipoanguka nilikuwa na vibaba viwili vya mbegu kwenye kapu lile," akasema. "Ungerudi, tungekamua tena. Nilikuuliza, ukasema imefika salama. Nikampa fundi wa matandiko mbegu zote. Mzigo mwingine kutoka Moshi utakuja baada ya wiki mbili, au tatu."

Kapu lilikuwa tupu. Wiki mbili zilikuwa nyingi kwa shingo ile, na wote wawili walijua.

Mwishowe Binti Salimini akainuka, akafungua sanduku lake, akatoa fundo la kitambaa. Ndani kulikuwa na habasoda, kama viganja vitatu, alizokuwa amezitunza kwa mkate wa Idi. Nashipae akasema wazikaange, mafuta yatoke leo.

"Yatatoka," akamjibu. "Tena mengi. Yatafaa kwa mikanda ya nyumbu."

Kwa hiyo walitwanga. Wakati tope likiwa juani, Binti Salimini alichemsha maji na chumvi, akachana kanga yake ya zamani, akamweleza Nashipae la kufanya kwa siku ambazo mafuta hayajawa tayari. Aoshe mpaka mafuta ya kondoo yaishe yote. Atoe funza mmoja mmoja. Afunike kwa kitambaa safi. Na kabla ya yote hayo amwambie baba yake ukweli, kwa mdomo wake mwenyewe.

"Akinilaani je?"

"Atakuwa amekulaani," Binti Salimini akasema. "Nenda. Maji yanapoa."

Wafungwa walikuwa wamepumzika kando ya mto. Nashipae alimwosha baba yake bila kusema. Maji ya chumvi yalimuuma mpaka akaishika minyororo kwa mikono yote miwili. Alipomaliza kutoa funza ndipo alipomwambia, akiwa nyuma yake, asiuone uso.

Loserian aliiachia minyororo. Kisha akauliza, "Mafuta ya kondoo gani?"

"Yule wa Koikai. Uliyemchinjia Yeyo."

Bibi alisema mabega ya baba yake yalianza kutikisika, akadhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kisicho na sauti, cha mtu aliyechoka.

"Kondoo huyo amenifunga mara mbili," akasema. Kisha, baada ya muda: "Ungeniambia siku ile nilipokuuliza mbona hayachomi, ningekuambia uyaache. Mimi ni mchunga ng'ombe, Nashipae. Nani apake kidonda mafuta ya kondoo wakati wa nzi?"

Hakumlaani. Bibi alisema ingekuwa rahisi zaidi kama angemlaani.

Mafuta yalitoka siku ya nne, yakajaza kijiko mara tatu, basi. Aliyapaka tone moja ukingoni asubuhi, tone moja adhuhuri. Baba yake akasema yanachoma. Neno hilo Nashipae alilisubiri kama mvua. Homa ilimshika Loserian siku sita, akapasua mawe hivyohivyo akiwa amekaa, na siku mbili kati ya hizo hakumtambua binti yake. Kisha homa ikatoka. Uvimbe ukashuka. Mzigo wa Moshi ulipofika, Nashipae alitwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge, akapata chupa nyingine, na kila alipofika alimwonyesha Binti Salimini kiasi kilichobaki bila kuulizwa. Mwezi ulipokwisha, kidonda kilikuwa kimefunga. Palibaki ngozi mpya, nyororo, ya rangi nyepesi, chini ya sikio.

Asubuhi moja Nashipae alifika na loshoro akakuta wafungwa wamekwisha kupangwa mstari. Msimamizi alikuwa akipita kutoka mtu hadi mtu. Alipofika kwa Loserian alimgeuza kichwa, akaibonyeza ile ngozi mpya kwa kidole gumba, mara mbili, kama mtu anavyojaribu mkanda wa nyumbu. Akaridhika. Akaamuru pete itolewe mguuni irudishwe shingoni.

Yule Mmanyema hakuchota loshoro siku hiyo pia. Alimwambia Nashipae kwamba walio wazima wote wanakwenda Moshi, wapakiwe kwenye treni, kuna kazi pwani. Wagonjwa wawili ndio wanaobaki. Alisema bila kumtazama, akajifanya anakaza mkanda wa bunduki.

Bibi aliniambia papo hapo, ili nisikae nikingoja: hakurudi. Mwaka wake ulikwisha, ukaja mwingine, vita vya Wazungu vikaja vikapita, wala hakuja mtu na habari zake, si za kuishi wala za kufa.

Mstari ulianza kutembea kuelekea njia ya Kikatiti. Mtu wa kwenye mnyororo hawezi kusimama peke yake. Akisimama anawakaba wenzake. Nashipae alikimbia akawapita, akasimama mbele kidogo kando ya njia, akainamisha kichwa. Alisikia minyororo ikija. Akaona miguu ya mtu wa kwanza, ya wa pili, ya wa tatu. Kisha kiganja cha baba yake kikagusa utosi wake, kikapita, bila hatua kupungua.

Alipoinua kichwa waliokuwa nyuma walikuwa wanamalizia kupita.

Alikwenda kwa Binti Salimini, na kibuyu chake kimejaa. Binti Salimini alimtazama, akatazama kibuyu, akaelewa. Alimtandikia mkeka. Nashipae akauliza swali ambalo alikuwa amelibeba tangu mtoni.

"Nimemponya ili wamfunge?"

Mwanamke yule angeweza kusema la. Mtu mzima yeyote angesema la kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Alifikiri kwanza.

"Ndiyo," akasema. "Na usingemponya, angelala pale alipolala Lemburis. Yote mawili ni kweli, wala sijui lipi zito. Mafuta hufanya kazi yake kwenye ngozi. Kwenye chuma hayana kazi."

Nashipae akasema basi kutwanga kote kulikuwa bure.

"Sikiliza," Binti Salimini akasema. "Baba yako hakuwa na kitu pale mtoni. Hakuwa na jembe, wala ng'ombe, wala mkewe. Alikuwa na chupa yako na neno lako juu ya chupa hiyo. Uliposema ni yaleyale na hayakuwa yaleyale, ulimnyang'anya vyote viwili. Uliposema kweli, ulimrudishia. Mtu akiwa hana kingine ila unachomletea, mpe kile unachosema unampa. Kikiwa kidogo, sema ni kidogo. Kikimwagika, sema kimemwagika. Hilo liko mikononi mwako. Yaliyobaki hayamo mikononi mwako, na mimi sitakudanganya kwamba yamo."

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliona kichwa cha Nashipae kimeinama, akauweka mkono wake juu yake, kiganja wazi, kama watu wa kwetu.

Nashipae alipanda kurudi nyumbani mchana. Mama yake alikuwa mlangoni, Koikai mgongoni. Alipoona kibuyu hakikuguswa, aliuliza kama baba amekula. Nashipae alisema hajala. Akasema wamempeleka Moshi, na kutoka Moshi pwani, na kwamba shingo yake ilikuwa imepona. Akamweleza pia juu ya kibuyu cha darini, na vumbi ambalo hakuwa akilitoa. Nalepo alisikiliza mpaka mwisho. Aliinua mkono, akakishusha kile kibuyu cha mafuta ya kondoo, akatazama kilichobaki, akakirudisha mahali pake.

Wakala ile loshoro wenyewe, imeanza kuchachuka. Jua lilikuwa bado halijatua, lakini hapakuwa na mahindi ya kuchemsha kwa ajili ya kesho, wala mtu wa kumpelekea, wala sababu ya kukaa macho. Koikai alinyonya akalala. Nalepo alijilaza ameuelekea ukuta, na baada ya kitambo pumzi zake zikawa nzito. Nashipae alibaki amekaa na ile chupa ya rangi ya udongo mkononi, matone machache yamebaki chini. Akafungua kizibo akanusa. Yalimchoma puani. Akaziba vizuri, akakaza, akaiweka karibu na kichwa chake, akalala.